Filimbi za nyama ya ng'ombe: taco za kuviringisha zinazolia ukizing'ata

Naanza na jina maana hapo ndo kila mtu anaanzia kucheka. Wameksiko wana chakula chao kinaitwa taco, na ile ya kuviringisha halafu inakaangwa wanaiita taquito, yaani taco ndogo, au flauta, ambayo kwa Kihispania ni filimbi, na kweli imekaa kama filimbi. Sasa we jaribu kusimama sebuleni kwa wakwe zako Nyakato, hapa Mwanza, useme "baba karibu, leo nimewapikia tako". Mi nilishasema. Mzee akakohoa, watoto wakatoka nje mbio, shemeji yangu akajificha kwenye simu. Toka siku hiyo kwetu zinaitwa filimbi na hapa pia ntaziita hivyo hivyo.

Na jina lenyewe linasaidia maana filimbi isipolia si filimbi. Ukiing'ata lazima isikike mpaka kwa aliyekaa upande wa pili wa meza, ikiwa kimya ujue umepika chapati iliyolowa mafuta. Nimezipika mara nyingi sana, za kwanza zilikuwa aibu, na nilichokuja kugundua ni kwamba adui ni mmoja tu: maji. Maji kwenye nyama, maji kwenye unga, mvuke kwenye hotpot. Karibu kila kitu ntakachosema huko chini ni namna ya kuyafukuza.

Vitu vya kununua havikupi shida. Mahindi, nyanya, pilipili, parachichi, vyote asili yake ni huko huko kwao Meksiko na nchi za jirani, vikasafiri mpaka vikawa vyetu kabisa, wakati ng'ombe na ngano ndo walipelekewa na Wahispania. Kwa hiyo kwenye filimbi ya nyama mgeni ni nyama! Na sie wa usukumani ng'ombe si wa kuagiza, ukienda sokoni Kirumba asubuhi unarudi na kila kitu kwenye kikapu kimoja.

Vinavyohitajika, filimbi kama 24

Nyama kilo moja isiyo na mfupa. Unga wa ngano vikombe vitatu, kama gramu 400. Vitunguu maji viwili vikubwa, kitunguu saumu punje sita, nyanya mbili zilizoiva (mbili tu, usiongeze), uzile uliosagwa kijiko cha chai na nusu, wengine mnaita binzari nyembamba, pilipili manga nusu kijiko, pilipili ya kusaga kadiri ya ujasiri wako, chumvi, ndimu mbili tatu. Mafuta ya kukaangia kama lita moja, ya alizeti au ya pamba, ukipata ya pamba yaliyosafishwa vizuri ni mazuri sana kwa kazi hii, hayana harufu na yanavumilia moto. Parachichi, giligilani na maziwa mgando kwa ajili ya pembeni.

Nyama

Watu wengi wanakimbilia steki kwa sababu ni laini. Steki kwenye kazi hii ni hasara, ukiichemsha muda mrefu inakuwa kavu kama pamba na haina utamu. Mwambie wa bucha akupe kidari au shingo. Bucha ninakonunua yule kaka siku ya kwanza alinishangaa, "dada, shingo ya nini na steki hii hapa nzuri?", nikamwambia nataka nyama ya kuchambuka, akaelewa hapo hapo. Nyama za sehemu hizo zina nyuzi ndefu na zile ngozingozi nyeupe katikati, na ukizipika polepole zile nyeupe zinayeyuka zinakuwa ule utelezi wa supa, ndo unaoshikilia nyama isikauke hata ukiikaushia maji yote. Nyama ya kusaga inawezekana pia, wapo wanaoitumia, ila mi naona inakuwa sambusa iliyonyooka.

Sasa kitu ambacho sikuwahi kuambiwa: angalia nyuzi zinaelekea wapi kabla hujakata. Kata kukatisha nyuzi, vipande vya upana wa vidole vitatu hivi. Usipofanya hivyo nyama ikichambuka inakuwa nyuzi ndefu kama kamba, mtu anang'ata filimbi mara ya kwanza anavuta nyama yote inatoka, anabaki ameshika ganda tupu mkononi. Nimeliona hilo kwenye sherehe, tena kwa mgeni rasmi.

Paka chumvi vijiko viwili vya chai na ndimu moja, acha nusu saa. Weka mafuta kidogo kwenye sufuria nzito, yakipata moto panga vipande visibanane, acha vibadilike rangi ya kahawia upande mmoja ndo ugeuze. Ukijaza nyama yote kwa pamoja itatoa maji na utaishia kuichemsha badala ya kuikaanga, kwa hiyo fanya mafungu mawili. Halafu rudisha yote, weka kitunguu kimoja kilichokatwa vipande vinne, saumu punje tatu, maji yafunike nyama kidogo tu, mfuniko, moto mdogo.

Muda? Saa mbili mpaka mbili na nusu. Na hapa Mwanza usishangae ikizidi kidogo ya ile uliyoambiwa na ndugu yako wa Dar, sie tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi kama 96 badala ya 100, ndo maana hata maharage huku yanajivuta. Ukiwa na presha kuka ni dakika 50 kisha iache itoe pumzi yenyewe. Kwa mkaa, ikishachemka tandaza majivu juu ya makaa moto utulie, itatokota yenyewe we endelea na shughuli zako, ila chungulia maji yasiishe. Imeiva ukichoma uma na kuzungusha, nyama inafunguka bila kugombana. Kama inagoma rudisha, hakuna njia ya mkato hapo.

Toa nyama, ichambue kwa uma mbili ingali ya moto. Supa usimwage jamani. Toa kikombe kimoja kwa ajili ya hatua inayofuata, inayobaki kamulia ndimu na pilipili unywe ukiwa unasubiri, mpishi naye ni mtu.

Sasa ndo penyewe. Kikaango kipana, mafuta vijiko viwili, kaanga kitunguu cha pili kilichokatwa vidogo mpaka kianze kuwa na rangi, saumu iliyobaki, uzile, pilipili manga na ya kusaga, dakika moja tu viungo vitoe harufu. Nyanya zikwangue kwenye kigreta maganda ubaki nayo mkononi, mimina, kaanga mpaka mafuta yajitenge. Weka nyama, mimina kile kikombe cha supa, acha wazi bila mfuniko. Geuza geuza. Supa itaingia kwenye nyama na inayobaki itapaa. Usichoke mapema. Kipimo changu ni hiki: buruta mwiko katikati ya kikaango, njia uliyoichora ibaki wazi, kusiwe na maji yanayorudi kuijaza. Ukikandamiza nyama kwa mgongo wa mwiko isitoe chochote. Onja chumvi hapo, iwe imekolea kidogo kuliko unavyopenda maana ganda halina chumvi nyingi. Itandaze kwenye sinia ipoe kabisa, yaani baridi, sio vuguvugu. Nyama ya moto ikifungwa inatoa jasho ndani na ganda linalowa kabla hata ya kufika kwenye mafuta.

Ganda

Wenyewe kwa asili wanatumia chapati ndogo za mahindi, na kila mtu nikimweleza anasema basi si tuna sembe. Nilijaribu, aisee, ilikatika vipande kama bati la kutu. Sababu ni kwamba mahindi yao yanachemshwa kwanza kwenye maji yenye chokaa ya chakula, yanalala humo, maganda yanatoka, ndo yanasagwa. Ile chokaa inabadilisha mahindi yenyewe, unga wake unashikana ukaweza kuusukuma na kukunja, na pia inafungua vitamini B3 ambayo kwenye mahindi ya kawaida mwili hauipati vizuri. Sembe letu halijapita huko kwa hiyo halishikani. Na tafadhali mtu asiende kununua chokaa ya kupaka ukuta akaiweka kwenye chakula, hiyo si ya kula. Kama una ndugu nje anaweza kukuletea unga wao tayari, sawa. Kama huna, fanya kwa ngano, hata huko kwao kuna sehemu flauta zinafanywa kwa ngano na hakuna anayelalamika. Ukitaka ladha ya mahindi isikike, kwenye vile vikombe vitatu toa kimoja cha ngano weka cha sembe laini, ila lisukume taratibu.

Njia ninayotumia ni ya manda za sambusa. Mama zetu na mashangazi walishamaliza hili tatizo zamani, sijui kwa nini tunahangaika.

Changanya unga na chumvi nusu kijiko cha chai, mafuta vijiko viwili vya chakula, sugua kwa vidole mpaka mafuta yapotee. Maji ya moto kama mililita 220, ya moto lakini mkono unavumilia, weka kidogo kidogo maana unga unatofautiana. Maji ya moto yanafanya donge lisirudi rudi nyuma ukilisukuma. Kanda dakika kumi, funika kwa kitambaa kibichi, acha nusu saa. Hiyo nusu saa usiiruke.

Gawa madonge 24 madogo, kama limao dogo. Chukua mawili, yasukume kidogo yawe kama kiganja, moja lipake mafuta juu unyunyize unga mkavu kidogo, lalia na la pili, halafu sukuma yote kwa pamoja mpaka yafike upana wa sahani ya kikombe cha chai, sentimita 16 hivi. Weka kwenye kikaango kikavu moto wa kati, sekunde 30 kila upande, usisubiri madoa ya kahawia, we unataka libadilike rangi tu liwe jeupe kavu. Litavimba katikati, likivimba ujue yameachana. Litoe, litenganishe lingali la moto, sasa una manda mbili nyembamba ambazo usingeweza kuzisukuma moja moja. Upande wa ndani bado unyevunyevu kidogo, upande huo ndo utawekea nyama. Zipange kwenye kitambaa safi ufunike zisikauke, na hapa hotpot inaruhusiwa, mara ya kwanza na ya mwisho.

Ukiacha zikaoka sana zitapasuka wakati wa kukunja. Ikitokea, zinyunyizie tone la maji kwa vidole, zifunike dakika tano, zitalainika.

Kukunja

Gundi ni unga wa ngano vijiko viwili na maji kidogo, uji mzito. Weka manda, upande wenye unyevu juu, nyama kijiko kimoja cha chakula kilichojaa, gramu 25 hivi, uipange mstari kwenye ukingo wa karibu nawe, sio katikati. Nyama ikizidi hapo utajuta. Kunja ukingo juu ya nyama, irudishe nyuma kwako kwa vidole uibane, ndo uendelee kuviringisha. Ile kuirudisha nyuma ndo inayofukuza hewa. Ikiwa legelege mafuta yanaingia ndani yanakaa humo. Unene uwe wa kidole gumba. Paka gundi ukingo wa mwisho, bonyeza, ilaze mshono ukiwa chini, inayofuata iibane ubavuni, zikae dakika kumi.

Ncha zinabaki wazi. Najua mkono uliozoea sambusa utataka kuziba, usizibe, mvuke unatokea hapo. Ukiziba kote na nyama ina maji kidogo italipuka kwenye karai, na mafuta ya moto hayachagui sura. Filimbi haina kifuniko.

Kukaanga

Karai au kikaango kirefu, mafuta kina cha sentimita tatu. Huna haja ya kuzizamisha. Joto linalotakiwa ni kati ya nyuzi 175 na 185, na kama mimi huna kipima joto kata kipande cha manda utupe: kikizama kikakaa chini, bado, kikipanda haraka na mapovu na kupata rangi ya dhahabu ndani ya kama dakika moja, anza. Kikiwa cheusi papo hapo, epua karai. Kwa mkaa hii ndo kazi kubwa maana mkaa hauna swichi, mi naweka matofali mawili pembeni naepua karai nakalisha hapo sekunde chache narudisha. Mfuniko wa sufuria uwe karibu. Mafuta yakishika moto funika na uzime jiko, usimwage maji hata kama umepaniki, na watoto wasipite pite jikoni muda huo.

Ingiza mshono ukiwa chini, shikilia kwa koleo sekunde kumi mpaka gundi ishike, ndo uachie. Nne au tano kwa wakati mmoja, ukijaza joto linashuka na zinaanza kunywa mafuta. Geuza kila baada ya muda, jumla dakika tatu mpaka nne. Na sikiliza. Yale mapovu ni maji yanatoka kwenye unga kama mvuke, mwanzoni kelele ni nyingi, inavyokauka kelele inapungua. Karai likianza kunyamaza na rangi ni ya dhahabu iliyokolea, toa. Kama dakika ya tano bado linapiga kelele, nyama yako ilikuwa na maji, siku nyingine rudia kile kipimo cha mwiko. Na usizitoe zikiwa na rangi ya njano hafifu ati zisiungue, hizo zitalegea baada ya dakika mbili.

Kwenye kuchuja watu wengi wanazilaza kwenye karatasi. Filimbi ni bomba, mafuta yanabaki ndani. Zisimamishe, ncha moja chini, ndani ya chujio la chuma au ziegemeze kwenye ukingo wa sufuria, dakika mbili, utaona yanavyodondoka. Na gazeti hapana, wino ule unahamia kwenye chakula.

Halafu hotpot. Kwenye ubarikio wa mtoto wa dada yangu nilikaanga filimbi hamsini na kitu toka saa nne asubuhi, nikazipanga kwenye hotpot mbili kubwa nikafunga nikaenda kanisani kwa amani kabisa. Tuliporudi zilikuwa zimelala kama mashuka ya hospitali. Mvuke ulikosa pa kwenda ukarudi kwenye ganda. Watu walikula maana nyama ni nyama, lakini hakuna iliyolia hata moja. Zipange wazi, kwenye waya au sinia, zisilaliane, zinakaa vizuri kama nusu saa, ukizidisha unazirudisha kwenye mafuta ya moto dakika moja zinaamka.

Za pembeni

Parachichi moja kubwa lililoiva, ponda na ndimu, chumvi, pilipili mbichi, giligilani, na ongeza maji kidogo liwe la kumwagika. Los Angeles kuna kibanda mtaa wa Olvera kinauza taquito tangu 1934 na wanamwagia hivyo hivyo mchuzi wa parachichi, kwa hiyo uko kwenye mila. Maziwa mgando weka kwenye kitambaa safi uning'inize saa mbili maji yatoke, inayobaki ni nzito, chumvi kidogo, basi. Kachumbari unajua mwenyewe, ila nyanya toa mbegu na uchuje maji. Na mchuzi mwagia wakati wa kula, wala usizimwagie sahani nzima ukaenda kupokea simu. Bora kila mtu achovye.

Najua kuna mtu wa Igombe au Ukerewe anauliza mbona sangara hayupo. Anaweza, tena ni mtamu, ila minofu yake ina maji mengi, ipake chumvi iache robo saa uifute, ikaange ikauke, uichambue, na upunguze nyanya iwe moja. Dagaa sijajaribu, atakayejaribu aniite nije kuonja.

Kama unapikia shughuli, zikunje siku moja kabla, zipange kwenye trei zisigusane, zigandishe, zikishakuwa ngumu ziweke kwenye mfuko wa plastiki kwenye friza. Siku yenyewe hazitolewi barafu, zinaingia kwenye mafuta zikiwa zimeganda, ila futa ile theluji ya nje maana inarusha mafuta, weka tatu tatu, moto mdogo kidogo kuliko kawaida, dakika sita hivi. Umeme ukikatika usiku kucha zikayeyuka usizirudishe kugandisha, kama bado ni za baridi kaanga zote asubuhi hiyo hiyo uwaite majirani, zikishapata joto za kutupa hizo.

Mafuta yakishapoa yachuje kwa kitambaa, weka kwenye chupa, yatakufaa mara mbili tatu zaidi kwa maandazi au samaki. Yakianza kuwa na povu lisiloisha au harufu ya kuungua, yamemaliza kazi yake.